MASHINE NAYO YAHITAJI KUPUMZIKA



Wengi wetu tunaofanya kazi ofisini tumeliona jambo hili: kompyuta iliyoachwa siku nyingi bila kuzimwa inakuwa nzito. Siku ya kwanza ilifungua barua upesi. Siku ya kumi inatungojesha. Je, imelogwa? Hapana. Kila programu inaomba nafasi katika kumbukumbu ya mashine, na nyingine, kwa kasoro ya waliozitunga, hazirudishi nafasi zilizokopa. Deni linakua, kumbukumbu inajaa, mashine inaanza kuweka vitu vyake kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi.

Lakini kuna hatari kubwa kuliko kungojeshwa. Tarehe 25 mwezi wa pili mwaka 1991, wakati wa vita ya Ghuba, mtambo wa Patriot wa kutungua makombora kule Dhahran, Saudi Arabia, ulikuwa umewashwa saa zaidi ya 100 mfululizo. Kompyuta yake ilihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde, na hesabu yake ilikosea kidogo sana. Kosa hilo liliongezeka saa kwa saa, hata likafika karibu theluthi moja ya sekunde. Kombora la Scud likaja, mtambo ukalitafuta mahali lisipokuwapo, na askari 28 wa Marekani wakafa kambini.

Kuzima na kuwasha upya kungaliianzisha hesabu tena. Onyo lilikuwa limetumwa kwamba mtambo usiachwe muda mrefu mno, lakini halikutaja ni saa ngapi. Programu iliyosahihishwa ilifika kesho yake.

Basi wapendwa, tushike mambo mawili. Kwanza, mashine ikilemewa, tuhifadhi kazi yetu, tufunge programu, tuizime na kuiwasha tena, kumbukumbu itaachiliwa. Uzito ukirudi upesi, tutafute programu inayokopa bila kulipa. Pili, anayejua hatari aitaje kwa kipimo. Kumwambia mlinzi «usikawie» bila kumpa saa ni kumwacha gizani.

Tukisoma 1 Wafalme 19, tunamwona Eliya amechoka chini ya mretemu. Mungu hakumkemea. Alimlaza, akamlisha, ndipo akampa safari. Kama nabii alihitaji usingizi, tusione aibu kupumzika, wala kuipumzisha mashine.

Bwana atubariki. Amina.