Uongo kwa Ajili ya Jambo Jema

Tunaulizana: je, uongo unaosaidia jambo jema unahesabika? Tutazame Marekani, waliko ndugu zetu wengi waliohamishwa kutoka makambini.

Mwaka 2009 Rais Obama alitaka watu wengi zaidi wapate bima ya matibabu. Mswada mmoja ulisema bima ya serikali ya wazee imlipe daktari atakayezungumza na mzee, mwenyewe akipenda, juu ya matibabu anayoyataka siku zake za mwisho. Sarah Palin, aliyekuwa gavana wa Alaska, akaandika habari za “baraza la kifo” litakaloamua nani anastahili kutibiwa. Baraza hilo halikuwamo kabisa. Lakini wazee waliogopa, na sheria ya 2010 ikapita bila fungu lile. Madaktari walianza kulipwa kwa mazungumzo hayo mwaka 2016.

Uongo huo ni rahisi kuulaani. Obama je, ambaye wengi wetu tunampenda kama mtoto wa nyumbani? Aliahidi mara nyingi kwamba anayeipenda bima yake ataendelea nayo. Mwaka 2013 mamilioni wakaletewa barua kwamba bima zao zinakoma, naye akaomba radhi.

Wengine husema: mamilioni wengine walipata bima, basi kosa liko wapi? Sisi hatukubali. Mwenye barua alipanga mambo ya nyumba yake kwa kulitegemea neno lile. Hakuna aliyemwuliza kama yuko tayari kubeba gharama ya wema wa wengine.