Kadi Tano Kabla ya Kompyuta

Mwanangu, jana usiku ulinipigia simu, na wasiwasi wako nimelala nao. Umepangiwa kufundisha TEHAMA darasa la nne: watoto 72, kompyuta tatu, na moja haiwaki. Ukaniuliza, "Bibi, nianzie wapi?" Salio likaisha kabla sijakujibu. Sasa nakuandikia, kwa kuwa jambo hili linataka utulivu.

Anza bila kompyuta. Hata ungepewa kompyuta 72 ningekuambia hivyo hivyo. Mtoto anayekutana na mashine kabla hajaelewa inavyofanya kazi atajifunza kubonyeza tu, na kubonyeza hakuhitaji mwalimu, simu ya mjomba wake inatosha. Wewe mpe kile ambacho simu haitampa. Ajue kuwa mashine inafuata maagizo yaliyoandikwa na mtu, na kwamba mtu huyo anaweza kuwa yeye.

Chukua vipande vitano vya karatasi ya manila. Cha kwanza kichore nukta 1, kinachofuata 2, kisha 4, 8 na 16. Simamisha watoto watano mbele ya darasa, mwenye 16 awe kushoto kwa wanaotazama, mwenye 1 kulia kabisa. Kadi ikionyesha nukta zake imewaka, ikigeuzwa imezima. Waambie wenzao walioketi, "Nipeni 13." Watabishana, waache wabishane. Mwishowe 8 itawaka, 4 itawaka, 1 itawaka, na mbili zilizobaki zitageuzwa. Andika ubaoni 01101. Hivyo ndivyo kompyuta inavyotunza namba, kwa kuwaka na kuzima tu, na watoto wameiona kwa macho yao bila umeme. Mchezo huu sikuubuni mimi. Ulienezwa na Tim Bell wa New Zealand na wenzake, waliojitolea kufundisha sayansi ya kompyuta pasipo kompyuta.

Mwaka wangu wa mwisho kazini palikuwa na binti akikaa dawati la nyuma, ambaye tangu Januari sikuwahi kuisikia sauti yake. Siku ya kadi alinyoosha mkono nusu, akauliza, "Mwalimu, akija mtoto wa sita atashika ngapi?" Sikumjibu, nilimpa chaki. Akahesabu kwa vidole, akaandika 32. Akasimama pale pale, midomo ikicheza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi tutafika 63." Nilipotoka nilikaa kwanza chini ya mwembe, sikuweza kwenda ofisini moja kwa moja.

Wiki inayofuata watoe uwanjani. Mmoja awe mashine, mwenzake amwandikie maagizo ya kutoka mlangoni hadi kwenye bomba. "Nenda mbele hatua kumi. Geuka kulia." Mashine isitumie akili yake hata kidogo, itende kilichoandikwa tu. Wengi wataishia ukutani, kwa kuwa mwandishi alisahau kwamba hatua za rafiki yake ni fupi kuliko zake. Hapo angalia sana mdomo wako. Usiseme, "Umekosea." Uliza, "Kosa liko mstari gani?" Mtoto arudi kwenye karatasi, asahihishe mstari ule mmoja, ajaribu tena. Katika masomo mengi tunamfundisha mtoto kuogopa alama ya mkasi. Katika somo hili kosa ndiyo kazi yenyewe, hata mafundi wakubwa wanashinda wakilitafuta. Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928, aliliona hilo mapema. Mwaka 1967 yeye na wenzake walitunga Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, akitaka mtoto ndiye aifundishe kompyuta.

Ukifika kwenye zile mashine mbili, pakua Scratch, programu ya watoto kuiandikia kompyuta maagizo. Ni ya bure, ipo pia kwa Kiswahili, na ukishaiweka haihitaji bando. Wagawe watoto kwa makundi. Na hapa nakusihi, mwanangu: ukiwaacha wenyewe, mvulana atashika kipanya na msichana atashika daftari, hadi mwisho wa muhula. Weka sheria kwamba aliyeshika kipanya haruhusiwi kuamua. Aliye kando ndiye anayeagiza. Kisha wabadilishane kila baada ya dakika tano, na saa ishike wewe.

Usikubali pia vifaa vifungiwe. Nimeona shule ambako vishikwambi vilikaa kabatini kwa kuogopa watoto watavivunja. Vilipokuja kutolewa, betri zilikuwa zimevimba na hakuna mtoto aliyewahi kuvigusa. Uoga ule ulikuwa wetu sisi wakubwa. Hapa Tanga, kuanzia mwaka 2017, watoto wapatao 2,700 wa vijijini walipewa vishikwambi katika shindano la Global Learning XPRIZE, wengi wao hawajawahi kukaa darasani. Vilichajiwa kwa umeme wa jua, na watoto wakajifunza kusoma Kiswahili na kuhesabu. Waliotengeneza programu zilizoshinda mwaka 2019, onebillion na Kitkit School, walitambuliwa kwa yale ambayo mikono ile midogo iliweza kujifunza. Basi wako nao waache waguse.

Tenga vipindi vya usalama, usivifanye vya kumalizia muda. Neno la siri ni kama mswaki, haliazimwi hata kwa rafiki wa damu. Picha ya mwenzako haitumwi bila ruhusa yake. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtoto wa darasa la nne anaweza kuielewa ukimwambia kwa lugha yake. Kisha andika ubaoni ule ujumbe tunaoujua sote: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Waulize: nani ameandika? Amejuaje kuna hela? Kwa nini hataji jina? Waagize kila mmoja akamsomee bibi au mama maswali hayo matatu jioni ile ile. Jirani yangu alikuwa ameshaanza kuandika namba ya siri, mjukuu wake akamshika mkono akauliza, "Bibi, huyu ni nani?" Hakutuma.

Jumatatu ndiyo unaanza, na manila za dukani zimepanda bei. Kadi zangu tano ninazo bado, zimo kwenye mkoba wa kili nyuma ya mlango. Ile ya 16 imechanika kona, nimeibandika gundi. Pita Jumapili baada ya alasiri uzichukue, na uje na karatasi ya sita tuichore nukta 32 pamoja.