Mgema na Maji Yake

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii twaijua sote tangu utoto, na mara nyingi twaitamka bila kumfikiri mgema mwenyewe. Humwangukia mwanafunzi aliyeshika namba ya kwanza muhula uliopita, na muhula huu analala usingizi. Humwangukia fundi cherehani ambaye, tangu jina lake lilipovuma, mishono yake yaanza kufumuka. Lakini wazee wa pwani walioitunga hawakuanza na mwanafunzi wala fundi. Walianza na tembo lenyewe.

Walimwona mgema akipanda mnazi alfajiri, na tena jioni, kotama mkononi na kibuyu ubavuni. Walijua kwamba tembo likiteremshwa ni tamu, baada ya saa chache ni kali, na likikaa siku kadhaa ni siki. Basi mgema hana ghala. Hawezi kuweka akiba ya leo kwa ajili ya wateja wa kesho. Tembo lake likisifiwa, wanunuzi huongezeka mlangoni pake. Minazi yake haiongezeki. Waliokuwa kumi sasa ni ishirini, na kibuyu ni kile kile. Hapo ndipo mtungi wa maji unapoanza kumtazama. Anaweza kuwaambia watu kumi, “Rudini kesho, limekwisha”. Anaweza kupandisha bei. Au anaweza kunyosha mkono gizani, akauchukua ule mtungi.

Juu ya mkono huo twataka kusema neno leo. Juu ya ulevi wenyewe mahubiri hayakosekani. Lakini juu ya kileo kilichotiwa maji husemwa machache, na wengine hulidhani jambo la kuchekesha tu. Vijana wa siku hizi wana neno lao la kutaja kazi hiyo, kuchakachua, na hulitamka kwa tabasamu, kana kwamba ni ufundi.

Yafaa tuseme mapema kwamba kutia maji katika kileo si dhambi kwa asili yake. Mwandishi wa Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, anapoagana na wasomaji wake, aifananisha kazi yake na divai iliyochanganywa na maji: divai peke yake, asema, yadhuru, na maji peke yake vile vile, bali vikichanganyika huleta ladha njema. Ndivyo walivyokunywa watu wa nchi zile. Wayunani walikuwa na chombo maalumu cha kuchanganyia, mara nyingi maji yakiizidi divai, na mtu aliyekunywa divai tupu walimhesabu kuwa mshenzi. Mtakatifu Agostino atueleza habari za mama yake, Mtakatifu Monika, ambaye alipozuru makaburi ya mashahidi kwa desturi ya kwao Afrika alichukua kikombe kimoja kidogo cha divai iliyotiwa maji mengi, akakizungusha kaburi hadi kaburi, akionja tu pamoja na wenzake. Na Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano, alipoikataza desturi hiyo, mama yule aliiacha bila manung’uniko.

Hata altareni maji yapo. Kabla ya kuitolea divai, Padre hutia humo maji kidogo, na watoto wetu wanaotumikia Misa hulijua tendo hilo kuliko watu wazima wengi. Katikati ya karne ya tatu, Mtakatifu Sipriani, Askofu wa Karthago, Mwafrika, aliandika barua ndefu kuwakanya waliotumia maji matupu badala ya divai. Alieleza kwamba divai yaonyesha Damu ya Kristo, na maji yaonyesha watu wake. Vikichanganyika, watu wameungana na Bwana wao wasiweze kutengwa tena. Lakini maji hayo ni kidogo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 924, yataka divai iwe ya kweli, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika, na maji yawe kidogo tu. Na Mtakatifu Thoma wa Akwino alikuwa amekwisha kufundisha kwamba maji yakizidi hata divai isiwe divai tena, Sakramenti haifanyiki. Mwaka 2017, kwa ombi la Baba Mtakatifu Fransisko, Maaskofu wote waliandikiwa barua kutoka Roma kuwakumbusha kuiangalia mikate na divai ya altare, kwa kuwa siku hizi huuzwa hata madukani. Kanisa halikuona haya kuuliza: divai hii yatoka wapi, na ndani yake mna nini?

Wala si mambo ya kanisani tu. Mwaka 1740 Amiri Edward Vernon wa manowari za Uingereza aliona mabaharia wake wanaharibika kwa ramu. Akaamuru wasipewe ramu tupu tena, bali sehemu moja ya ramu ichanganywe na sehemu nne za maji. Mabaharia walinung’unika, wakakiita kinywaji hicho grog, kwa jina la utani walilompa Amiri wenyewe kwa sababu ya koti lake. Na mgao wa ramu uliendelea katika manowari zile hata mwaka 1970. Lakini angalieni jinsi alivyoamuru. Maji yatiwe juu ya sitaha, mahali pa wazi, mbele ya afisa wa zamu, naye ahakikishe kwamba hakuna baharia anayepunjwa ramu yake. Maji yaliongezwa, ramu haikupungua hata tone. Mtu alikunywa akijua anachokunywa.

Tofauti yote i hapo. Monika alitia maji katika kikombe chake mwenyewe. Vernon alitia mbele ya macho ya watu. Mgema atia gizani, kisha auza kwa bei ya tembo.

Nabii Isaya, alipotaka kuonyesha jinsi Yerusalemu ulivyooza, hakupata mfano mzuri kuliko huo: fedha imekuwa takataka, na divai imechanganywa na maji. Hivyo tangu zamani hizo wenye vilabu walikuwa na jina baya. Mshairi Mroma, Martiali, alitunga hata mzaha juu ya mwenye klabu wa Ravenna, mji ambao maji mema yalikuwa adimu: alimwomba divai yenye maji, na yule mjanja akamuuzia divai tupu! Warumi walicheka kwa sababu kila mmoja wao alikuwa amekwisha kuibiwa kwa njia ya pili.

Wahubiri wa Ulaya katika karne za kati nao walipenda kusimulia kisa cha mfanyabiashara wa divai na kima. Husimuliwa kwa namna nyingi, nasi twakitoa kwa ufupi. Mtu mmoja aliuza divai yake nusu kwa nusu na maji, akatajirika, akapanda chombo kurudi kwao na mfuko wa dhahabu. Kima aliyekuwamo chomboni akaunyakua ule mfuko, akapanda nao mlingotini, akaufungua. Akatoa sarafu moja, akaitupa sitahani. Akatoa ya pili, akaitupa baharini. Moja sitahani, moja baharini, hata mfuko ukaisha. Mwenye mali alilia na kupiga kelele, na mabaharia wakamwuliza: “Walia nini? Ya divai amekupa, na ya maji ameyarudishia maji.” Kima yule alijua hesabu kuliko wengi wetu.

Lakini twasikia mtu akijibu: “Ninyi wahariri mwapiga vita ulevi kila mwaka. Je, anayetia maji hawasaidii walevi? Wangelewa kwa chupa mbili, sasa hawalewi hata kwa tatu.” Hoja hiyo yachekesha, nayo si ya kweli. Mlevi hahesabu chupa. Autafuta ulevi mpaka aupate, naye hulipa chupa ya tatu na ya nne kwa fedha za unga na daftari za watoto. Aliyetia maji hakumpunguzia ulevi, amempunguzia mfuko. Na kama kweli ni huruma iliyomwongoza, mbona huruma hiyo yafanya kazi usiku? Aandike mlangoni: hapa pombe ni nyepesi, na bei yake ni nyepesi. Twaamini wake wengi wangemwombea.

Lipo jambo zito zaidi, nalo latugusa sisi wenye familia. Wengi wanaopika pombe katika nchi zetu si matajiri. Ni akina mama, na baadhi yao wajane, wanaopika mbege au busaa ili mtoto asifukuzwe shule. Ulezi umepanda bei, kuni zimepanda bei. Wanywaji hawataki kusikia habari ya kupanda kwa bei. Mama atazama chungu, atazama karo, kisha atazama ndoo ya maji. Hatumtupii mawe. Twataka kumwambia tu kwamba njia za halali zipo, ijapokuwa ni chungu: kupandisha bei mbele ya watu, au kupunguza kipimo mbele ya watu, na kuvumilia matusi ya siku mbili tatu. Mnunuzi aonyeshwe anachopewa, aamue mwenyewe. Hilo ni haki yake hata akiwa mlevi, maana Amri ya Saba haikuandikwa kwa ajili ya wanunuzi wenye kiasi tu.

Na aliyekwisha kutia maji miaka mingi afanyeje? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409 na 2412, yahesabu udanganyifu wa biashara kuwa wizi, na yafundisha kwamba kilichoibwa hapana budi kirudishwe. Kusema dhambi katika kitubio na kuiacha ile faida kabatini ni kazi iliyofanywa nusu. Mteja ajulikanaye, mwenye deni dukani, na asamehewe deni hilo kwa kadiri ya haki. Wasiojulikana, waliokunywa wakaenda zao, fungu lao ni la maskini. Wala mtu asijisifu kwamba ametoa sadaka, maana alipa deni. Mwenye shaka juu ya kiasi na amwulize Padre wake.

Nasi wanunuzi hatuna budi kujitazama. Methali yasema mgema “akisifiwa”. Ni nani amsifuye? Ni sisi. Twamsifu kwa sababu auza rahisi kuliko jirani yake, wala hatuulizi urahisi huo umetoka wapi. Katika arusi zetu kamati huona fahari kupata kreti nyingi kwa fedha chache, na mzee akiuliza chupa hizi mbona vifuniko vyake vimelegea, huambiwa asiharibu furaha ya watu. Kule Kana ya Galilaya mkuu wa meza alionja kwanza kabla ya kumwita bwana arusi.

Maana maji gizani hayabaki peke yake. Pombe iliyotiwa maji hupwaya, na wanywaji husema, “Haina nguvu.” Basi muuzaji hutafuta kitu cha kuirudishia nguvu. Wengine huanzia upande wa pili: hununua spiriti ya viwandani, isiyofaa kunywewa, kwa kuwa ni rahisi, huitia maji mengi, na huiuza kuwa pombe kali. Katika spiriti za namna hiyo huwamo methanoli. Haina rangi, na mnywaji hawezi kuitambua kwa ulimi. Mwilini hugeuka asidi inayoshambulia mshipa wa macho, na mililita 30 tu zaweza kuua mtu mzima. Mwezi wa Novemba 2000 mjini Nairobi walikufa watu zaidi ya 100 kwa pombe ya namna hiyo, na wengine walibaki vipofu. Mwaka 2010 huko Kabale, Uganda, walikufa makumi kwa waragi. Mwezi wa Februari 2024 huko Kirinyaga, Kenya, walikufa watu wapatao 17. Tanzania ilipiga marufuku pombe za viroba tangu tarehe 1 Machi 2017, lakini gongo haliulizi kama kuna marufuku.

Kwa hiyo kila nyumba yafaa ijue haya. Sumu hiyo hukawia. Mtu aweza kuamka asubuhi akidhani ana uchovu wa pombe tu, kisha, baada ya saa 12 hata 24, ikaja kichwa kuuma, tumbo, kutapika, kuhema kwa nguvu, na macho kuona ukungu. Asiambiwe alale mpaka pombe imtoke. Asifichwe chumbani kwa kuogopa aibu ya jirani au ya jumuiya. Apelekwe hospitali saa ile ile, kwa maana dawa ya kuizuia sumu hiyo ipo, nayo hufaa ikiwahi. Na chupa aliyoinywea ichukuliwe pamoja naye. Waliokunywa naye watafutwe wote, hata asiyeumwa bado. Na aliyeuza, akijua alichotia, asikimbie. Aende yeye mwenyewe kwa daktari, usiku huo huo, akamwambie ndani ya kile kibuyu mlikuwa na nini.