Fyuzi ya Dhahabu

Kisa hiki nimekitunga, lakini kila kifaa kilichomo kinauzwa kweli, na wanunuzi hawakosi.

Palikuwa na mwalimu mstaafu upande wa Kalamba, Makueni, si mbali na kiwanda cha kaunti cha kusindika maembe. Mwaka mmoja maembe yake yalipata bei, akajinunulia kitu alichokitamani tangu ujana: amplifaya ya mtumba yenye transfoma ya kubebwa kwa mikono miwili, na spika mbili ndefu. Haja yake ilikuwa kuyasikia magitaa ya Kakai Kilonzo, yule wa Kilimambogo Brothers aliyefariki 1987, kila gitaa likisikika peke yake.

Magitaa aliyapata, ila na mvumo juu. Ulikuwa mzito, wa chini, haupungui hata sauti ikiteremshwa kabisa. Akiongeza sauti, besi inajaa chumba na maneno ya wimbo yanazama.

Mwalimu hakuuliza mvumo unaingilia wapi. Aliuliza dawa yake inauzwa wapi.

Inauzwa Nairobi. Duka moja la barabara ya Luthuli lilimwonyesha fyuzi yenye vifuniko vya dhahabu, imechorwa mshale ubavuni kuonyesha upande ambao stima inapaswa kupita. Bei yake ilitosha mbuzi. Muuzaji alimweleza kwamba fyuzi ya kawaida huibana stima, na stima iliyobanwa huzaa muziki uliobanwa.

Huo mshale una kichekesho chake. Stima ya Kenya ni ya volti 240, nayo huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Uugeuze mshale uelekee Wote au Emali, ni mamoja. Dhahabu nayo hupitisha umeme vibaya kuliko shaba. Ubora wake ni kutoshika kutu, ndiyo sababu hupakwa kwenye vichwa vya nyaya za sauti. Isitoshe, stima ya ukutani haifiki kwenye spika ilivyo. Transfoma huishusha, dayodi huielekeza upande mmoja, kapasita huijaza na kuitoa kwa kipimo, na muziki hutengenezwa kwa akiba hiyo. Hiyo stima yenyewe imetoka Olkaria au kwenye mabwawa ya Mto Tana, imesafiri mamia ya kilomita juu ya aluminiamu, ikafikia transfoma ya kijijini na waya mrefu wa kuingia boma. Ukizipima, sentimita mbili za mwisho za fyuzi hazina la kuongeza wala la kupunguza.

Hata hivyo, alipoipachika ndani ya amplifaya, mwalimu alisikia tofauti, na sisemi kwamba alidanganya. Mtu aliyetoa bei ya mbuzi huketi kimya, huzima televisheni, huwafukuza watoto sebuleni, kisha husikiliza kwa masikio yake yote. Usikivu wa namna hiyo huokota mlio wa gitaa uliokuwapo siku zote. Mwaka 2007 James Randi, mfanya mazingaombwe wa Marekani, aliahidi dola milioni moja kwa atakayezitofautisha kwa masikio tu nyaya za spika za dola 7,250 na nyaya za kawaida. Shindano lake la majaribio ya aina hiyo lilifungwa 2015, na ile milioni haikuchukuliwa na mtu.

Mvumo uliendelea. Mwalimu akaongeza waya mnene wa stima, kisha vipete vya feraiti vya kubana kwenye waya. Vipete nivitetee kidogo: vina kazi halali ya kuzuia makelele ya mawimbi ya redio. Mvumo wa mapigo 50 kwa sekunde hupita humo bila kubisha.

Baada ya hapo akaanza kucheza na moto. Ile ya dhahabu iliyowekwa ndani haikuwa ya kipimo cha amplifaya yake. Dukani walibaki na kubwa zaidi tu, na muuzaji akamwambia kubwa ni bora, haibani. Maneno hayo yalimwingia. Akafungua plagi ya ukutani, akatoa ile fyuzi nyekundu ya ampea 3, akaziba nafasi yake kwa kipande cha waya wa shaba.

Binti yake alikuja likizo kutoka chuo cha ufundi Wote. Baba yake humwita mwaitu, yaani mama, kwa kuwa amebeba jina la nyanya yake.

"Nau," akamwambia baba yake, "kaa hapo, nikubadilishie fyuzi ya ndani. Wewe utaniambia ya dhahabu ni ipi."

Akawa anazima, anafungua, anafunga, anawasha. Mzee akataja, akasifu, akakosoa. Mwishowe binti akamwonyesha karatasi aliyoandika: ya dhahabu haikurudi hata mara moja. Tangu mwanzo ilikuwa mfukoni mwake.

Mzee alinuna. Binti hakuendelea kubishana. Alikwenda nyuma ya televisheni akachomoa waya wa dishi, na mvumo ukakatika papo hapo. Nguzo ya dishi ni ya chuma, imechimbiwa ardhini nyuma ya nyumba. Waya wa athi wa nyumba umeshuka upande mwingine, kwenye fimbo iliyosimama katika udongo mkavu wa Ukambani, ambao hupitisha umeme kwa shida. Nyumba moja ilikuwa na athi mbili zisizopatana, na mkondo mdogo ukawa unatembea kati yake kupitia kasha la dishi hadi kwenye amplifaya. Dawa yake ni waya wa kuunganisha nguzo na ile fimbo. Besi nayo haikuhusiana na stima. Spika zilisukumwa pembeni kabisa, kwenye chumba cha sakafu ya saruji na mabati yasiyo na dari. Binti akazivuta mbele hatua mbili, akatandika zulia, akatundika pazia zito. Maneno ya nyimbo yakasikika.

"Na ile shaba kwenye plagi, Nau, itoe leo. Na hii ya dhahabu nimeirudisha kwa muda tu, tafuta ya kipimo chake."

Mzee akasema atafanya kesho. Binti akarudi chuoni.

Aprili mvua ilikatiza stima, na iliporudi ilirudi kwa kishindo. Dayodi moja ikaungana ndani ya amplifaya. Mkondo uliovutwa ulizidi kiasi cha transfoma kuustahimili, lakini haukutosha kuangusha swichi kuu ya nyumba, ambayo hulinda nyaya za ukutani. Wa kuukata walikuwa fyuzi mbili. Ya plagi ilikuwa shaba. Ya ndani ilikuwa kubwa, nayo ikavumilia. Transfoma iliiva polepole mzee akiwa shambani, na jirani aliyeona moshi dirishani ndiye aliyezima swichi kuu.

Mzee alipiga simu dukani.

"Fyuzi yenyewe je, iko sawa?" muuzaji akauliza.

"Iko sawa. Amplifaya ndiyo imeungua."

"Umeona, mzee? Zetu haziungui ovyo."