Pembe ya Shamba

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 2:8–15, Law. 19:9, 10, 23:22, Kum. 23:24, 25, 24:19–22, Rut. 2, Isa. 58:6–14, Mt. 12:1–8, Mdo. 6:1–7.

Fungu la Kukariri: Isaya 58:11. Lifungue katika Biblia yako, lisome kwa sauti pamoja na watu wa nyumbani kwako, na ulikariri kabla ya Sabato.

Anayesafiri kutoka Mbeya kwenda Tukuyu, akishapita Kiwira na kuingia Kyimo, haoni njaa. Anaona migomba mpaka karibu na lami, miparachichi, ng'ombe wa maziwa, na mikungu ya ndizi kando ya barabara ikingoja wanunuzi. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wa Rungwe ni wa volkano. Mgeni husema moyoni, "Hapa hakuna maskini."

Lakini mama wa Dorkasi anayetembelea nyumba kwa nyumba anajua zaidi. Anaijua nyumba ambayo bibi analea wajukuu, na shamba lake limegawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka limebaki kipande cha kuzunguka jiko. Anamjua kibarua anayeshinda katika shamba la mwingine na kurudi na fedha ya unga tu. Watoto wa nyumba hizo hula ndizi asubuhi na ndizi jioni. Tumbo limejaa, lakini mwili haujapata unachohitaji.

Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hali mbaya zaidi ilikuwa katika mikoa inayolisha wengine: Iringa, zaidi ya nusu ya watoto, Njombe na Rukwa, karibu nusu. Sababu ni nyingi: maradhi, maji machafu, mama kukosa muda wa kumlisha mtoto. Mlo usio na mboga, matunda na jamii ya kunde ni mojawapo.

Juma hili somo linauliza swali moja: Kanisa lenye kiwanja, katika nchi yenye mvua, lina wajibu gani kwa jirani ambaye hana mboga?

*Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Mungu Alipanda Kwanza

Soma Mwanzo 2:8, 9, 15. Ni nani aliyepanda bustani ya kwanza, na mwanadamu alipewa kazi gani ndani yake?

Kabla mwanadamu hajashika jembe, Mungu alikuwa amekwisha kupanda. Fungu la 9 linataja mambo mawili kuhusu miti ya Edeni: ilipendeza macho, na ilifaa kwa chakula. Hayo mawili hayakutenganishwa. Uzuri wa bustani ya Mungu ulilika.

Kisha Adamu aliwekwa pale ailime na kuitunza. Kazi hii ilitolewa kabla ya dhambi, kwa hiyo kilimo si adhabu. Laana ya Mwanzo 3 ilileta miiba na jasho. Haikuifanya ardhi kuwa kitu cha aibu. Mkristo anayeona kwamba jembe ni la wasiosoma hakulipata wazo hilo katika Biblia.

Makanisa mengi yana kiwanja kikubwa kuliko jengo. Mbele kuna maua, nyuma kuna nyasi zinazofyekwa mara chache, hasa makambi yanapokaribia. Maua ni mazuri. Lakini sehemu ile ya nyuma, ambayo haimpendezi mtu wala kumlisha mtu, inatumika kwa kusudi gani la Mungu?

Kama Mungu angetembea leo katika kiwanja cha kanisa lako wakati wa jua kupunga, angekuta nini kinachofaa kwa chakula?

JUMATATU

Pembe Isiyovunwa

Soma Walawi 19:9, 10 na Kumbukumbu la Torati 24:19–22. Mwenye shamba alikatazwa kufanya nini? Ni watu gani wanaotajwa kuwa wenye haki ya kile kinachobaki?

Angalia jinsi agizo lilivyotolewa. Mwenye shamba hakuambiwa avune yote, apeleke ghalani, kisha amwite maskini mlangoni ampimie. Aliambiwa asivune pembe za shamba. Mganda uliosahauliwa asiurudie. Mizeituni ikishapigwa mara moja, asiirudie matawi. Zabibu zilizodondoka aziache.

Kwa hiyo maskini alikuja mwenyewe, akavuna kwa mikono yake, akachagua, akabeba. Hakumpigia mtu magoti. Chakula kile kilikuwa haki aliyowekewa na Bwana, ambaye ndiye mwenye ardhi yote. Tajiri hakuwa mfadhili hapo. Alikuwa mtu anayetii.

Agizo hili linarudiwa katika Walawi 23:22, katikati ya maelezo ya sikukuu. Mungu anaeleza Pentekoste, kisha kabla hajafika kwenye sikukuu ya baragumu anasimama na kukumbusha habari ya pembe za shamba. Sikukuu iliyopangwa vizuri, huku pembe za shamba zimevunwa, ilikuwa na kasoro mbele zake.

Tena, pamoja na yatima na mjane anatajwa mgeni, mtu asiyekuwa wa kabila wala ukoo wa mwenye shamba. Methali inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Torati ilimpa mgeni mahali pa kuvuna bila kungoja siku ya tatu. Katika Rungwe, ambako majirani wengi ni Wamoravian na Walutheri, jambo hili halina fumbo. Mboga za kanisa hazimwulizi mtu anasali wapi, wala hazimwahidi ubatizo.

Kuna tofauti gani kati ya kumgawia maskini mabaki na kumwachia sehemu ya shamba?

JUMANNE

Msimwaibishe

Soma Ruthu 2:8–18. Taja mambo yote ambayo Boazi alifanya kupita yale ambayo sheria ilimtaka afanye.

Sheria ilimruhusu Ruthu kuokota. Haikumlinda na maneno ya vijana, na haikuhakikisha kwamba kutakuwa na kitu cha kuokota. Boazi aliongeza hayo. Aliwaonya vijana wasimguse. Alimruhusu anywe maji yaliyotekwa na watumishi. Alimkaribisha kwenye chakula cha wavunaji, akala akashiba, akabakiza.

Kisha, Ruthu alipokwisha kuinuka, Boazi aliwaagiza vijana waangushe masuke kwa makusudi kutoka katika matita, na wasimwaibishe wala kumkemea. Masuke yale yalianguka kama kwa bahati. Ruthu hakuambiwa, "Hiki tumekuachia sisi." Jioni alipura efa moja ya shayiri, karibu lita 22, yaani debe moja na zaidi kidogo. Alirudi kwa Naomi amebeba kazi ya mikono yake.

Linganisha na yanayotokea wakati mwingine makanisani. Ibada imekwisha. Mzee mmoja anaitwa kwa jina mbele ya mkutano mzima. Anapokea mfuko wa unga na fungu la mboga, simu zinainuliwa, picha zinapigwa. Anasema "ndaga fijo", macho yake yakitazama sakafu. Sabato inayofuata haji. Wahusika wanasema amerudi nyuma katika imani. Yamkini amekwepa aibu tu.

Chakula ni kile kile. Boazi na kanisa lile wote wawili walitoa. Lakini mmoja alificha mkono wake ili mwenye njaa aweze kuinua uso, na mwingine alimfichua mwenye njaa ili mkono wake uonekane (Mt. 6:1–4).

Ni utaratibu gani wa kanisa lako unaweza kumfanya maskini ashindwe kurudi Sabato inayofuata?

JUMATANO

Sabato na Mwenye Njaa

Soma Mathayo 12:1–8 pamoja na Kumbukumbu la Torati 23:24, 25. Wanafunzi walilaumiwa kwa kosa gani, na ni jambo gani ambalo walalamikaji hawakulilalamikia?

Mafarisayo waliwashitaki wanafunzi kwa kuvunja masuke siku ya Sabato. Hakuna aliyewashitaki kwa wizi. Kila mtu alijua kwamba Torati ilimruhusu mpita njia kuvunja masuke kwa mkono, mradi asiingize mundu. Bwana wa Sabato mwenyewe, pamoja na wanafunzi wake, alipita katikati ya shamba la mtu mwingine, na wenye njaa walikula kwa sheria iliyowekwa kwa ajili ya wenye njaa. Aliwatetea.

Sasa soma Isaya 58:6–14. Ni mambo gani yanatajwa kabla ya nabii kufika kwenye Sabato katika fungu la 13?

Waadventista Wasabato hulipenda fungu la 13. Ni vyema kulifikia kwa njia ambayo nabii aliifuata. Kwanza kuna mkate kwa mwenye njaa na nyumba kwa asiye na makao. Kisha inakuja ahadi ya fungu la 11, kwamba anayefanya hivyo atafanana na bustani inayotiwa maji. Ndipo inakuja Sabato. Ukiondoa mafungu ya kwanza, bustani inakauka, na Sabato inabaki kuwa siku ya kuwaangalia wengine wanavyokosea.

Hapa kuna jambo la vitendo. Ijumaa ni siku ya maandalio. Nyumba yenye uwezo hununua mboga, hupika mapema, huipokea Sabato kwa utulivu. Nyumba ya maskini huipokeaje? Bustani ya kanisa ikivunwa Ijumaa asubuhi, na fungu la mboga likamfikia mjane kabla jua halijachwa, naye pia amepewa Sabato. Hakuna atakayehitaji kuvuna siku takatifu, wala kulala na njaa ndani yake.

Maandalio yako ya Ijumaa yanamgusa nani nje ya nyumba yako?

ALHAMISI

Watu Saba na Orodha Moja

Soma Matendo 6:1–7. Kanisa la kwanza lilikuwa na upendo na lilikuwa na chakula. Ni nini kilichokosekana?

Wajane wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Kanisa lililokuwa limempokea Roho siku ya Pentekoste lilipungukiwa na utaratibu, na upungufu huo ulizaa manung'uniko. Mitume hawakusema jambo hili ni dogo. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, ili wasimamie meza. Matokeo yake, neno la Mungu likaenea.

Bustani ya kanisa hufa kwa sababu zinazojulikana. Kazi yote humwangukia shemasi mmoja wa kike; akiugua, magugu yanashinda. Mbegu zote hupandwa siku moja. Mboga hukomaa pamoja, nyingi huoza, kisha hakuna kitu. Mbuzi huingia kwa sababu uzio ulingojewa mpaka baraza lijalo. Masika yanapokwisha na baridi kavu ya Juni ikafika, hakuna aliyepangiwa kumwagilia.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Mchicha huwa tayari katika majuma matatu au manne; tuta moja likipandwa kila juma, kila Ijumaa kuna la kuvuna. Sukuma wiki ikishakubali huchumwa majani kwa miezi kadhaa. Maharage huleta protini na kurutubisha udongo, na viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vina vitamini A ambayo ndizi na viazi vyeupe ni haba kwavyo. Kwa mvua ya Rungwe matuta yainuliwe ili maji yasioze mizizi, na samadi na majani ya migomba yarudishwe udongoni.

Mashemasi, Dorkasi na Watafuta Njia wagawane siku. Kuwe na daftari, na watu wawili wanaolijua, lakini lisisomwe mbele ya mkutano. Na pale penye nafasi, familia yenye nguvu isiyo na ardhi ipewe tuta lake yenyewe, ilime na kuvuna bila kumwomba mtu. Hiyo ndiyo pembe ya shamba katika maana yake ya kwanza.

Bustani moja haitaondoa udumavu wilayani. Pembe za shamba la Boazi hazikuondoa umaskini katika Israeli. Lakini nyumba moja Bethlehemu ilipata chakula, na katika nyumba hiyo alitoka Obedi, babu yake Daudi.

Katika kanisa lako, nani anajua kwa hakika ni nyumba zipi hazina mboga juma hili?

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma sura ya Ellen G. White kuhusu msaada kwa wasio na kazi na wasio na makao, katika kitabu *Huduma ya Uponyaji*, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1905. Sura hiyo inaanza na mpango wa Mungu kwa ardhi ya Israeli, na kusisitiza kumfundisha maskini kulima kuliko kumzoeza kupokea.

Mwandishi huyo hakuyajua mambo haya kwa kusoma tu. Mwaka 1894 kanisa lilichagua ardhi ya Cooranbong, Australia, kwa ajili ya shule ya Avondale, ingawa mtaalamu wa udongo alikuwa ametoa taarifa mbaya juu yake. Ellen White alihamia hapo, akapanda miti ya matunda, na shule ikafunguliwa mwaka 1897. Ardhi iliyodharauliwa ilizaa. Ardhi ya Kyimo haijawahi kudharauliwa na mtu. Kinachongojewa ni mikono.

Maswali ya Kujadili:

1. Washiriki wengine husema kazi ya kanisa ni kuhubiri, na kilimo ni cha serikali. Mungewajibu nini kutokana na Matendo 6:7?

2. Baadhi ya maskini huuza mboga wanazopewa ili wanunue chumvi, sabuni au daftari la mtoto. Je, kanisa liwazuie? Ruthu alikuwa huru kiasi gani na shayiri yake?

3. Mtu asiyeshiriki kulima huja kuchukua kila Ijumaa, ingawa ana nguvu. Linganisheni 2 Wathesalonike 3:10 na Walawi 19:10. Kanisa litendeje kwa haki bila kumwaibisha?

4. Darasa litoke nje baada ya ibada na kutazama kiwanja cha kanisa. Chagueni pembe moja. Nani ataanza, siku gani, na ni nyumba gani itakayokuwa ya kwanza kuvuna?