Ushahidi Mbele ya Asiyetaka Kusikia

Wako watu wasemao ya kwamba shahidi akijua hatasadikiwa, basi kunyamaza ni busara. Kwani neno lisilogeuza hukumu halina faida, na humtia msemaji hatarini bure. Sisi hatuafikiani nao, na hoja yetu ni kesi iliyosikilizwa Sumner, katika jimbo la Mississippi, Marekani, mwezi wa Septemba 1955.

Usiku wa 28 Agosti mwaka ule, Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14, alitolewa kwa nguvu nyumbani kwa jamaa yake, Mose Wright. Baada ya siku 3 maiti yake ilionekana mtoni. Wazungu wawili, Roy Bryant na J. W. Milam, wakashitakiwa kwa kumwua. Mzee Wright, mwenye miaka 64, alisimama mahakamani akawaonyesha kwa kidole ya kuwa ndio waliomchukua. Katika nchi ile, mtu mweusi kumshuhudia Mzungu namna hiyo kulikuwa ni kuhatarisha roho yake. Naye Willie Reed, kijana wa miaka 18, alieleza ya kwamba alimwona Till katika gari pamoja na Wazungu, kisha akasikia kilio cha mtu apigwaye bandani.

Waamuzi 12, wote Wazungu, walishauriana kwa saa moja na kitu, wakawaachilia washitakiwa. Mashahidi wale wawili ikawabidi kuhama Mississippi. Januari 1956 walioachiliwa walikiri gazetini, kwa malipo, ya kuwa ndio waliomwua. Na sheria haikuruhusu kuwashitaki tena kwa mauaji yale.

Je, ushahidi ule ulikwenda bure? Hasha. Mizani imo mkononi mwa mwamuzi. Kazi ya shahidi ni kuweka juu yake alilolijua. Mwamuzi akipunja, dhulma ni yake. Lakini shahidi akificha, amekwisha kuhukumu yeye kabla ya mwamuzi, na amempa udhuru wa kusema hakuletewa habari. Waamuzi wa Sumner hawakuachiwa udhuru huo.

Ama mwenye kunyamaza kwa kuchelea kuuawa, hatumlaumu upesi. Khofu yake ni ya kweli. Lawama twaielekeza kwa jirani zake waliomwacha peke yake. Shahidi hubeba amana ya watu wote. Basi na watu wote wamlinde aendapo mahakamani, na zaidi arudipo.