Gari likijiendesha, dhamana ni ya nani?

Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, Marekani, gari la majaribio la Uber lililokuwa likijiendesha lenyewe lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara akikokota baiskeli. Wachunguzi walikuta kuwa programu haikuandaliwa kumfikiria mtu anayevuka pasipo kivuko, na breki ya dharura ya kiwandani ilikuwa imezimwa. Pamoja na hayo, kampuni haikushitakiwa kwa jinai. Msimamizi aliyekaa kwenye usukani ndiye aliyekiri kosa mwaka 2023, akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu.

Huenda msomaji ukasema hayo ni ya Marekani. Lakini sisi tunaopanda basi Nkwenda kwenda Dar es Salaam tunayajua. Basi likipinduka hutafutwa dereva. Mwenye basi aliyempangia muda usiowezekana ni nadra kuulizwa.

Kesho dereva hatakuwepo. Je, tutalilaumu gari? Katika sheria yetu mukallafu ni mwenye akili, na chuma hakina akili wala nia. Aliyeandika programu, aliyezima breki na aliyeruhusu gari liingie barabarani ni watu wenye majina. Familia ya marehemu ina haki ya kuwajua.